Re: Foleni ya asubuhi langoni chuoni
Mkuu, umeuliza kama kupanua barabara ya lango kutaondoa foleni. Mimi naona hapana, na kwa miamba yetu ya Mwanza gharama ya kupasua mawe tu ni kubwa mno. Simama pale saa moja na nusu asubuhi: bodaboda na bajaji zinashusha katikati ya njia, mlinzi anakagua gari mojamoja, daladala za kutoka Nyegezi zimekwama nyuma. Kituo cha kushusha kihamishiwe nje ya lango, na wanafunzi wapate njia ya miguu yenye miti (jua letu unalijua). Halafu vipindi vyote visianze saa mbili. Vingine vianze saa tatu. Ningeanza na hilo la ratiba, muhula ujao.