Ziweke kwanza hizo barua za kuomba udhamini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pangani alinipigia simu. Wanataka kuanzisha mashindano ya ngalawa kwao. Ameshaandika barua kwa kampuni tatu za Dar es Salaam, na alitaka nimwambie aongeze nini ili zikubalike. Nikamwambia aziweke kwanza. Tuliongea karibu saa nzima, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nayaandika hapa.

Mimi naandaa mbio za ngalawa upande wa Sahare, hapa Tanga, mwaka wa sita huu. Mwaka wa kwanza niliiga mpira: mgeni rasmi, kombe, na zawadi moja nono ya shilingi 500,000 kwa mshindi. Mgeni rasmi akataka tuanze saa nne asubuhi. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Aliyekulia pwani hii anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Nilijua, nikanyamaza kwa heshima ya cheo chake. Ngalawa zikakokotwa kwenye tope, watazamaji wakabaki juu huko wakitazama vitu vidogo vyeupe kwa mbali, na mgeni mwenyewe alifika karibu saa sita.

Jioni nahodha mmoja mzee alinifuata. Aliponiitikia shikamoo yangu, akasema, "Mwanangu, leo sikwenda kuvua kwa ajili yako. Nyumbani nikaseme nini?"

Swali hilo ndilo lililonifunza biashara ya mchezo huu. Mchezaji wa ngalawa ni mvuvi. Siku ya mashindano ni siku bila samaki, naye hana mshahara wa kumngoja mwisho wa mwezi. Ukiweka zawadi moja kubwa, mabaharia wa ngalawa zote isipokuwa moja wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka uliofuata zilikuja ngalawa 9 tu. Nikabadilisha: kila ngalawa inayomaliza mbio inalipwa shilingi 20,000, mshindi anaongezewa 100,000, wa pili 50,000. Zikaja 17, na jumla niliyolipa ilikuwa 490,000, chini ya zawadi ile moja ya mwanzo. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, usizirundike juu. Zitandaze chini, kwa sababu bila ngalawa nyingi majini huna cha kuonyesha, na bila cha kuonyesha huna cha kuuza.

La pili ni macho ya watu. Zamani njia yetu ilikuwa ndefu, hadi nje karibu na kisiwa cha Ulenge na kurudi. Mabaharia waliipenda, lakini pwani watu walikaa muda mrefu hawaoni kitu, wakaondoka. Tatizo hili si la Tanga peke yake. America's Cup, mbio za mashua zilizoanza mwaka 1851, zilikimbiwa mbali baharini kwa miaka na miaka. Mwaka 2013, San Francisco, waliziingiza ndani ya ghuba ili mtu aliyesimama ufukweni aone. Timu ya Marekani ilitoka nyuma ya 8 kwa 1 ikashinda 9 kwa 8, mbele ya macho ya watu. Baadaye SailGP, ligi ya kimataifa ya mashua za matanga iliyoanza kukimbia mwaka 2019, ikajengwa juu ya wazo hilohilo: mbio fupi, karibu na nchi kavu. Wale wana mabilioni, lakini kusogeza boya hakuhitaji mabilioni. Tuliweka maboya mawili ndani ya ghuba, ngalawa zikizunguka mara tatu. Sasa watu wanaona nahodha anavyobisha, yaani anavyokata upepo kwa kupinda huku na huku, wanaona demani, kamba ya tanga, inavyovutwa, wanaona baharia anavyokaa juu ya ndubi, ule mti wa ubavuni, kuizuia ngalawa isilale. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Na umtafute mtangazaji anayewajua mabaharia kwa majina na kwa visa vyao. Kipaza sauti cha kukodi na mtu mmoja wa aina hiyo vimetuletea watu wengi kuliko mabango yote tuliyowahi kubandika. Sisi wa Tanga tulikulia kwenye ubishi wa Coastal Union na African Sports, timu zetu mbili za mpira. Hakuna aliyelipia tangazo ubishi ule ukue. Ulikua kwa sababu mtu alikuwa na upande wake. Kwenye ngalawa pande zipo tayari: Sahare, Deep Sea, Chongoleani. Andika matokeo ya kila mwaka kwenye daftari, yasomwe hadharani kabla ya kuanza. Aliyeshindwa mwaka jana atarudi, na mtaa wake utarudi naye.

Sasa udhamini. Miaka miwili nilizungushwa na ofisi moja kubwa: njoo Jumatatu, njoo mwezi ujao, mkubwa yuko safari. Nauli tu ilinimaliza. Aliyetutoa alikuwa muuza duka la nyavu, kamba na rangi za vyombo, ambaye wateja wake ndio hao mabaharia wangu. Nilimwonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimechelewa kuliona. Bango la uwanjani huonekana siku ya mechi. Tanga la ngalawa huenda baharini karibu kila siku, mwaka mzima, na linapita mbele ya wavuvi wote. Akalipia matanga manne. Mwaka uliofuata akaja na mwenzake wa mashine za boti.

Ila hapa kuna mitego. Usipake rangi nyingi kwenye tanga, linakuwa zito na gumu kukunjwa. Sisi tunashona herufi za kitambaa. Mwenye chombo lazima apate sehemu ya fedha ya tangazo, maana tanga ni lake na ndiye atakayelibeba. Na muandikiane, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi tatu.

Mama lishe na wauza pweza usiwatoze ushuru mwaka wa kwanza. Mimi niliwatoza, wakahamia ng'ambo ya barabara na watazamaji wakawafuata.

Vibali usivipuuze: afisa michezo, uongozi wa mwalo (pale wavuvi wanaposhushia samaki), polisi. Boti ya uokoaji yenye mafuta ya kutosha na maboya ya kuvaa ni gharama ya kwanza kuandikwa kwenye bajeti, kabla ya kombe.

Mkishakomaa, ndipo mfikirie ligi. Napenda mfano wa Kerala, India, wenye mashua ndefu za makasia zinazobeba wapiga makasia karibu mia. Mbio zao za Nehru Trophy, mjini Alappuzha, ni za tangu 1952, na sehemu nyingine nazo zilikuwa na siku zao. Mwaka 2019 idara ya utalii ya jimbo ikazifunga pamoja kuwa ligi ya timu 9, timu zilezile zikihama kutoka mji hadi mji kwa ratiba inayojulikana. Naona Tanga, Pangani na Bagamoyo kwenye ratiba moja, mwishoni mwa kusi, msimu wa upepo wa kusini, upepo unapoanza kulegea, kila mji na bamvua yake. Sijaacha kuliwaza hilo. Lakini ligi haianzi kwa barua, inaanza kwa kila mwalo kuwa na mbio zake zinazojilipa.

Jana kijana wa Pangani amenitumia ujumbe. Ameshuka mwaloni akahesabu: ngalawa 14, zenye tanga zima ni 9. Fundi wa kushona matanga yupo mmoja tu, naye anauliza kama atalipwa kabla. Nimemjibu alipwe nusu leo.