Mwenye Mbawa Melini: Maswali Yenu

Kaka, mimi ndiye msimulizi wa mchezo. Kundi langu liko kwenye meli ya matanga, na mmoja wao ni aarakocra, mtu-ndege wa mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons. Maharamia wakitokea tu, anapaa na kuwamaliza kwa mishale. Nimpige marufuku kuruka? (Ujiji)

Usithubutu. Mtu kachagua mbawa ili aruke. Wape maharamia akili badala yake. Kwa kanuni za mchezo huo za 2014 anaruka futi 50 kwa raundi, ila si akiwa na deraya ya kati au nzito, kwa hiyo huko juu yuko karibu uchi, na kila mshale unamtafuta yeye. Upinde mrefu hulenga vizuri hadi futi 150. Akipanda zaidi, naye anarusha kwa kubahatisha. Kisha kuna kutua: foromali (mti unaobeba tanga), tanga linalopigapiga, kamba kila upande, na meli yenyewe inayumba. Mrushishe dadu hapo. Wavu mmoja tu ukimnasa, anaanguka.

Shikamoo. Kwa nini asitangulie bandarini akaiacha meli nyuma? (Mwanga)

Marahaba. Piga hesabu. Meli ya matanga kwenye kanuni hizo inakwenda maili 2 tu kwa saa, lakini hailali: kwa saa 24 ni maili 48. Yeye anapata maili 5 kwa saa, ila safari ya siku ni saa 8, yaani maili 40. Akizidisha, uchovu unamwandama. Ziwa letu Tanganyika, lenye upana wa wastani wa kilomita 50, angelivuka kwa saa sita na ushee, akala dagaa ng'ambo. Bahari ya siku tano atatua wapi? Na akigeuka kurudi, meli haipo tena pale alipoiacha. Aitafute.

Sasa melini ana kazi gani? (Kibirizi)

Macho! Baharia aliyesimama sitahani anaona upeo wa kilomita 7 hivi. Juu mita 100, upeo unafika kilomita 36. Nahodha anayejua mapema hivyo ana muda wa kugeuza omo, pua ya meli, na kukimbia. Ila mbingu ikiwa nyeupe, naye anaonekana.

Akitumbukia majini je? (Katubuka)

Mezani kwangu haruki mpaka akauke. Mtazameni mnandi akitoka kuzamia: anasimama juu ya jiwe, kakunjua mbawa juani, hana haraka. Saa nzima inatosha, na mvua ikinyesha, pole yake.