Kisanduku chenye diski mbili bado ni kisanduku kimoja

Fundi anajibu maswali yenu kutoka Isevya, Tabora

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Ujiji. Kazi zangu zote tangu 2017 ziko kwenye diski nne za nje, nazifunga kwenye khanga na kuzilaza kabatini. Mwezi uliopita moja ilianguka kutoka mezani ikiwa inazunguka. Sasa nikiichomeka inalia ti-ti-ti na haisomeki. Ndani yake kulikuwa na harusi 11, na wenye harusi mbili hawajachukua kazi yao. Nimeamua kununua NAS ya diski mbili, kile kisanduku cha kuhifadhi faili kinachochomekwa kwenye rauta. Muuzaji ananiambia nikishaiwasha nimemaliza, maana diski moja ikifa nyingine ina kila kitu. Ni kweli? Na huu umeme wetu wa kukatikakatika hautaiua? Rafiki yangu yeye anasema niachane na vyuma, nipandishe kila kitu intaneti.*
*Mpiga picha, Ujiji*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Tuanze na hiyo inayolia. Usiichomeke tena hata mara moja eti kuangalia kama imepona. Ule mlio ni kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata mahali pake, na kila ukiiwasha unaweza kuwa unakikokota juu ya sahani ilipo harusi ya mtu. Usiiweke kwenye friza, usiifungue kwa bisibisi. Ifunge, iandike tarehe, iweke mbali na mkono wako. Kama wenye harusi wako tayari kuchangia gharama, ipelekwe kwa mtu mwenye chumba kisicho na vumbi. Nje ya hapo, ongea nao mapema kabla hawajaanza kukutafuta.

Sasa muuzaji wako. Alichosema ni kweli, ila ni nusu, na hiyo nusu nyingine mimi naijua kwa maumivu.

Mwaka 2021 nilikuwa na kisanduku kama hicho unachokitaka, diski mbili za terabaiti 2 zikifanya kazi kama kioo: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile papo hapo. Humo ndani kulikuwa na sauti ya mama yangu. Nilimrekodi kule Urambo, vipande saba, akisimulia jinsi babu alivyokuwa akibandua gome la mti bila kulipasua ili apate mzinga, na akiitaja miti ambayo nyuki wakipewa hawaingii. Jumamosi moja binti yangu, kidato cha pili wakati huo, alikuwa anatafuta nafasi ya tamthilia zake. Akakuta folda imeandikwa REC_07, akadhani ni takataka za fundi, akafuta. Kioo nacho kikafanya kazi yake bila kinyongo: kikafuta kwenye diski zote mbili, sekunde ileile. Nilipokwenda kuangalia, taa zote mbili zilikuwa za kijani. Hakuna kilichoharibika. Ukijikata na wembe mbele ya kioo, na yule wa ndani anatoka damu.

Kilichoniponya ni diski ya nje, kuukuu, niliyokuwa nimeiacha kwa dada yangu Ng'ambo kwenye kabati la vyombo. Ilikuwa na vipande vitano. Viwili nilivyorekodi baadaye havipo, na mama naye hayupo. Binti sikumgombeza. Mimi ndiye niliyewapa watu wote wa nyumba ile pasiwedi moja yenye ruhusa ya kufuta.

Kwa hiyo kioo kinakukinga na kitu kimoja tu: diski kufa. Hakikukingi na mkono wa mtu, virusi, mwizi, moto, wala maji, na nyinyi wa Ujiji hamhitaji kusimuliwa jinsi ziwa lilivyopanda miaka hii. Wapiga picha wenzako duniani wana hesabu yao ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ilale nje ya nyumba.

Ila wewe una mtego wako, na hapa naomba usome taratibu. Leo unapiga harusi, picha zinaingia kwenye laptopu, zinakwenda NAS. Safi, nakala mbili. Baada ya miezi miwili laptopu imejaa, unafuta ile harusi upate nafasi ya nyingine. Siku hiyo NAS imeacha kuwa bakapu. Imekuwa ndiyo kazi yenyewe, nakala ya pekee, na umerudi kwenye khanga na kabati, tofauti ni kwamba kabati hili lina taa. Wengi wanaonijia kibandani wakilia wamelia kwa sababu hii. Kwa hiyo bajeti yako isiishie kwenye NAS. Weka humohumo diski mbili za nje, mpya, za kupokezana: moja iko kwako inanakili kutoka NAS, nyingine iko kwa ndugu, tuseme Mwanga hapo Kigoma mjini au hata Kasulu, na kila mwisho wa mwezi zinabadilishana zamu. Zile tatu zilizobaki kabatini usizifute baada ya kuzihamisha. Ni kuukuu, lakini hazili ugali.

Kuhusu diski za kuweka ndani: mbili za terabaiti 4 kwa mtindo wa kioo zinakupa nafasi ya 4, si ya 8, na kompyuta itakuonyesha 3.6 hivi kwa sababu inahesabu kwa njia yake, usiende kumshika muuzaji shati. Uliza kama diski ni CMR au SMR, mitindo miwili ya kuandika data: chukua CMR, ambayo njia zake za data hazipandiani. Kwenye SMR njia za data zinapandiana kama bati za paa. Ukitaka kubadilisha bati moja la katikati lazima unyanyue na ya juu yake, kwa hiyo kuandika mfululizo kunakuwa kwa kusuasua, na siku ya kujaza diski mpya baada ya moja kufa unaweza kusubiri mpaka ukate tamaa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red, za kampuni ya Western Digital, zilizouzwa kwa ajili ya NAS zilikuwa za mtindo huo, na ndipo kampuni ikatenga jina la Red Plus kwa zile za CMR. Soma jina lote kwenye karatasi ya diski, neno Red peke yake halitoshi.

Umeme. Kukatika kwenyewe si kubaya kama kukatika katikati ya kuandika, halafu kurudi kwa kishindo. Nunua UPS, ile betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika, yenye tundu la USB, chomeka waya wake nyuma ya NAS, kisha ingia kwenye mipangilio uiambie NAS isikilize UPS. Watu hununua UPS wakaishia kuchomeka soketi. Bila ule waya mwembamba NAS haijui kwamba umeme umekwenda, betri ikiisha inazimika kama taa tu. NAS ya diski mbili hula kama wati 20, kwa hiyo UPS ndogo ya VA 650, betri ikiwa mpya, inaishikilia pamoja na rauta kwa nusu saa au zaidi. Betri hiyo ni ya kubadilisha baada ya miaka miwili mitatu. Na radi ikianza kunguruma juu ya ziwa usitegemee UPS, chomoa. Chomoa na waya wa mtandao kama rauta yako inaupokea kutoka nje. Halafu mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba, nyumba nyingi ninazoingia zina tundu la tatu ukutani lakini nyuma yake hakuna kitu.

Kuiwasha ni kazi ya jioni moja. Waya kutoka NAS hadi rauta, fungua anwani yake kwenye kompyuta, fuata maelekezo. Jina la admin lililokuja nalo lizime, tengeneza lako. Iambie rauta iipe NAS anwani ileile kila siku. Tengeneza mtumiaji mwingine mwenye jina kama "bakapu", ambaye pasiwedi yake inajulikana na programu ya kunakili peke yake. Wewe na msaidizi wako mzione folda za harusi za zamani kwa kusoma tu. Na washa snapshoti, ile kazi ya NAS kukumbuka folda ilivyokuwa jana na juzi. Mimi ningekuwa nimeiwasha, REC_07 ingerudi kabla chai haijapoa.

Angalia pia rauta. Nyingi za bei ya chini zina matundu ya megabiti 100, maana yake ni kama megabaiti 11 kwa sekunde. Terabaiti moja itachukua zaidi ya saa 25. Swichi ndogo ya gigabiti, bei yake si ya kutisha, inaishusha hadi kama saa mbili na nusu, alimradi laptopu nayo iwe kwa waya. Wai-fai iachie simu.

Rafiki yako wa intaneti simpingi, namfanyia hesabu. Ukiwa na kasi ya kupandisha ya megabiti 5 bila kukatika usiku na mchana, terabaiti moja inakwenda siku 18 na nusu. Na bando nani analipa? Pandisha picha zilizochaguliwa na kuhaririwa, zile ambazo mteja atakuja kuzidai. Faili ghafi ziende na diski kwenye begi hadi Mwanga.

Mwisho kwako: kila mwezi chagua harusi moja bila kupanga, irudishe kutoka kwenye diski ya kwa ndugu, ifungue, tazama picha ya bwana harusi mpaka uone vifungo vya koti. Diski inayoonyesha majina ya faili si lazima iwe na faili.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Kanyenye. Nina mitihani niliyotunga tangu 1989, yote nimeiskani, pamoja na picha za familia, haijai gigabaiti 200. Kijana wa jirani anasema kompyuta yangu ya mezani ya zamani inaweza kugeuzwa NAS bila kununua chochote. Anadanganya?*

Shikamoo Mwalimu. Mwangaluka. Kijana hadanganyi. Kuna mfumo wa bure unaoitwa OpenMediaVault, uliojengwa juu ya Debian, na unakubali mashine za zamani. Atakachosahau kukwambia ni Luku. Kompyuta kama hiyo ikikaa imewaka inaweza kula wati 70. Kwa mwezi ni uniti 50. NAS ya dukani kwa muda huohuo ni kama 14. Kama uko kwenye kundi la wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, hiyo mashine ikijumlishwa na matumizi mengine ya nyumba inaweza kukusukuma nje ya kundi, na pensheni haijui habari hizo.

Kwa gigabaiti 200, Mwalimu, mimi nisingewasha mashine mchana kutwa. Mwambie kijana aingie kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta aipangie kujiwasha saa nane usiku, inakili, ijizime saa kumi. Kwa mwezi haitafika uniti 5. Na ile diski iliyomo tangu zamani ipimwe kwanza: programu ya kusoma SMART, kumbukumbu ya afya ya diski, itaonyesha imezunguka saa ngapi na ina sekta ngapi zilizohamishwa, yaani vipande vibovu ambavyo diski imevikwepa. Sekta zikiwa zimeanza kuhamishwa na idadi inapanda wiki hadi wiki, usiikabidhi mitihani ya 1989. Kisha diski moja ya nje ikakae kwa mwanao.

*Kaka Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Kasulu. NAS yangu iko nyumbani Tabora kwa mama, nataka kuona picha za watoto kwa simu. Nimeona video inasema nifungue poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, kwenye rauta.*

Salama, dada. Usifungue. Januari 2022 wahalifu waliojiita DeadBolt walipita kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti, wakafunga faili za watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Wenye vifaa hivyo walikuwa watu wa kawaida, wengine walitaka kuona picha tu kama wewe.

Tena kama rauta ya mama ni ya laini ya simu, kufungua poti mara nyingi hakusaidii kitu, kwa sababu mtandao unawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Weka programu kama Tailscale kwenye NAS na kwenye simu yako. Inachimba njia ya siri kati ya vifaa vyako viwili, na rauta huigusi. Ukienda likizo ifanye ukiwa palepale nyumbani, ukajaribu kwa bando la simu huku wai-fai umeizima, kabla hujapanda basi. Na pasiwedi ya NAS iandike kwenye daftari la mama, ukurasa wa namba za simu. Siku kifaa kikigoma utakuwa zamu ya usiku, na atakayekuwa amesimama mbele yake ni yeye.