Ukiuza Mtandaoni Sehemu Nyingi, Daftari Liwe Moja

Nauza raba na sendo za kike hapa Dar es Salaam. Mzigo nachukua Kariakoo, fremu sina, na wateja wananipata Instagram, Facebook, stetasi za WhatsApp na Jiji, ule mtandao wa matangazo ya kuuza na kununua. Wadada wanaoanza huniuliza wafungue akaunti wapi na wapi. Nami huwauliza kwanza: mzigo wako unauandika wapi?

Kufungua akaunti si kazi. Kazi inaanza pale akaunti zinapokuwa nne na pea ni moja. Sisi wauzaji wadogo hatubebi makatoni ya aina moja. Unachukua seti, saizi 37 mpaka 41, kila saizi pea moja au mbili. Sasa dada wa Mbeya kakuandikia Instagram anataka ile sendo nyeusi saizi 39, na muda huohuo mtu wa Jiji kapiga simu, yuko kwenye daladala anakuja kuiona. Kama huna sehemu moja inayokuambia pea hiyo imeshakuwa ya nani, mmoja wao ataondoka na hasira, na ana haki.

Daftari langu lina namba ya kiatu, rangi na saizi, bei niliyonunulia, kilikouzwa, na hali yake. Kwenye hali naandika neno moja kati ya matatu: ipo, imeshikwa, imelipiwa. Ikishikwa naandika na muda, kisha mteja namwambia wazi: "Dada, nakuwekea mpaka saa kumi jioni." Saa kumi ikipita hajalipia, inarudi kuwa ipo, na aliyekuwa wa pili namtafuta mimi mwenyewe. Namba hiyohiyo ya kiatu naiandika kwenye kona ya picha kila ninapoposti, maana mteja atakutumia picha aliyoihifadhi mwezi uliopita akuulize "hii bado ipo?", na sendo nyeusi zinafanana mno. Anayependa jedwali la kwenye simu atumie jedwali, ila liwe moja. Pea ikitoka, tangazo lake liondoke kote siku hiyohiyo. Ukiliacha, utapokea simu za bure na mteja atakuona tapeli.

Halafu ujue kwamba kila sehemu ina wateja wenye tabia yao. Wa Jiji amezoea kuja, kushika, kujaribu, kisha kulipa. Mtandao wenyewe unamshauri asilipe kabla hajaona kitu, kwa hiyo ukimwambia atume hela kwanza unamtisha bure. Mpangie mkutane sehemu yenye watu, mchana. Maelezo yake yawe kamili: saizi, soli, kama kipya au mtumba, upo mtaa gani. Wa Instagram anaweza kuwa Mwanza au Songea, na hawezi kuja. Huyu analipa kwa Lipa Namba halafu anakaa na wasiwasi mpaka mzigo ufike, na wasiwasi huo ni kazi yako kuutuliza. Mimi nikimaliza kufunga mzigo naupiga picha ukiwa na jina lake juu. Nikitoka ofisi za mabasi Shekilango namtumia picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba ya wakala wa upande wake, bila kusubiri aniulize. Mteja wa mkoani akihudumiwa hivyo mara moja, mara ya pili analeta na dada zake.

Pesa hakikisha kwenye simu yako mwenyewe, uangalie salio. Meseji anayokuonyesha mteja kwenye simu yake isikutoshe, hata akiwa mpole kiasi gani, na hata bodaboda akiwa anapiga honi nje.

Bei zangu ni sawa kote, kwa sababu mteja anayekufuata Instagram anakuona na Facebook, na akikuta tofauti ya elfu tatu hatakuamini tena. Tofauti inakubalika kwenye masoko yanayokata kamisheni, kama ilivyo kwa wenzetu wa Kenya wanaouza Jumia na Kilimall. Hapo hesabu inawaponyoka wengi. Tuseme kamisheni ni asilimia 15 na unataka 30,000 ibaki mkononi. Wengi wanaongeza asilimia 15 juu ya 30,000, wanaweka 34,500. Soko linakata asilimia 15 ya hiyo 34,500, yaani 5,175, unabaki na 29,325, pungufu ya 675. Gawanya 30,000 kwa 0.85, yaani ile asilimia 85 inayobaki kwako, upate kama 35,300. Hiyo 675 inaonekana ndogo kwenye pea moja, lakini kwa mwenye faida ya elfu nne ni kubwa, na bado hujatoa mfuko wala makato ya muamala.

Kuna jambo jingine nalisisitiza sana. Instagram, Facebook na WhatsApp zote ni za kampuni moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 zilizimika zote kwa pamoja, kwa muda wa karibu saa sita, dunia nzima, na aliyedhani ana maduka matatu akajikuta hana hata moja. Masoko nayo yanahama. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mwaka huohuo OLX ya hapa ikaingia mikononi mwa Jiji. Ukiwa na wafuasi elfu kumi ambao huna namba zao, wafuasi hao ni wa mtandao.

Ndiyo maana nyuma ya daftari langu kuna kurasa za wateja: jina, mkoa, saizi ya mguu, alichonunua, na namba ya simu ya kawaida. Namuomba ruhusa kabla ya kumwandika, na namba hizo simpi mtu yeyote. Tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na hata isingekuwepo, mteja hakunipa namba yake niigawe. Mzigo mpya ukifika nafungua kurasa hizo kwanza. Wenye mguu wa 41, ambao kupata kiatu ni shida kila mahali, ndio wanaopata picha kabla sijaposti popote.