Mlio wa ekseli ya mbele gari la rimoti linapopanda miamba

Ndugu, umeeleza kwamba tangu ulipofunga matairi makubwa na vizito vya shaba ya manjano, ekseli ya mbele hulia "ta-ta-ta" gari linapopanda mwamba, na sasa unafikiria kununua ekseli mpya. Nakusihi usubiri kidogo. Inua gari, nyoosha magurudumu ya mbele, yashike yote mawili kwa nguvu, kisha mwenzako aiwashe mota taratibu kwa muda mfupi tu.

Mlio ukisikika magurudumu yakiwa yamenyooka, karibu bila shaka meno ya pinioni (gia ndogo inayozungusha gia kubwa) yanaruka juu ya gia kubwa kwa sababu mwanya kati yao umezidi, na matairi makubwa, ambayo hudai nguvu zaidi, yameufichua udhaifu uliokuwepo tangu awali. Fungua ekseli, safisha grisi, utazame ncha za meno: yakiwa yameliwa, badilisha gia zote mbili kwa pamoja. Yakiwa mazima, weka washa (kipete chembamba cha chuma) ya milimita 0.1 nyuma ya gia kubwa, upande wa beringi, ili isogee kwenye pinioni. Ongeza washa moja moja hadi mwanya kati ya meno ubaki mdogo sana, lakini shafti iendelee kuzunguka kwa vidole bila kukwama popote.

Mlio ukitokea unapokata kona tu, kwa kawaida gia hazina kosa. Kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu kinabanwa kwenye pembe kali, kwa hiyo punguza kwenye rimoti kikomo cha usukani, yaani kiasi ambacho magurudumu hukata kona, pande zote mbili.