Usiache kriketi kwa sababu ya orodha moja

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba unarusha mipira ya mzunguko, umeachwa nje ya kikosi cha taifa cha mfululizo wa mechi za ova 20 (ova moja ni mipira sita), na wazee wa baraza huko Makadara, Mombasa, wanakwambia Pwani imesahauliwa, bora uache. Usiache, nakuomba.

Kwenye ova 20 mrushaji hapewi zaidi ya ova 4. Kwa hivyo wateuzi humpenda anayebana mikimbio, yaani alama za wapinzani, na kushika bati pia, na wewe mwenyewe umeandika kuwa unapiga wa mwisho. Anzia hapo, unoe bati lako.

Mtazame Collins Obuya, Mkenya aliyeanza kama mrushaji wa mzunguko kama wewe. Mwaka 2003 alichukua wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka, Nairobi, na Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kisha akajijenga upya kama mpigaji. 2011 akapiga 98 bila kutolewa mbele ya Australia. Ubishi wa barazani haungemfikisha huko!

Andika daftarini kila ova, mikimbio uliyotoa, wiketi ulizochukua. Halafu mwendee kocha kwa adabu, umuulize amekosa nini kwako.