Kabla hujafunga mkeka wako wa Oscar

Majina ya wanaowania Oscar za 2026 yametoka, na Sinners ya Ryan Coogler imetajwa mara 16. Hakuna filamu iliyowahi kufika hapo. Rekodi ya zamani ilikuwa 14, na waliokuwa nayo ni All About Eve, Titanic na La La Land. Tangu siku hiyo, kila kijiwe cha wapenda muvi hapa Arusha, Kaloleni mpaka Njiro, maneno ni yaleyale: mwaka huu kazi imeisha, Coogler anabeba.

Naipenda Sinners kuliko filamu yoyote ya mwaka jana. Hata hivyo nakuomba, ndugu yangu, usikimbilie kuiandika kwenye mstari wa Filamu Bora wa mkeka wako, yaani karatasi yako ya ubashiri. Nimeshafuatilia tuzo hizi kwa miaka mingi, na ninachokiona kila mara ni kwamba mikeka mingi huchanika kwenye mstari huo kwa sababu watu wanahesabu mara ambazo filamu imetajwa, badala ya kuangalia kura zinavyohesabiwa.

Kutajwa mara nyingi kunaeleza jambo moja tu, kwamba idara nyingi zimeikubali kazi. Kwenye hatua ya kwanza waigizaji wanapendekeza waigizaji, wahariri wanapendekeza wahariri, wapiga picha vivyo hivyo. Hatua ya mwisho ni nyingine kabisa. Wanachama wote wa Academy, chama cha filamu cha Marekani kinachotoa Oscar, ambao ni zaidi ya elfu kumi, wanapiga kura vipengele vyote. Mwaka 2017 La La Land iliingia na 14, Moonlight ikiwa na 8, na Moonlight ndiyo iliyoondoka na Filamu Bora. Mwaka 2022 The Power of the Dog ilikuwa na 12 ikapata moja tu, ya mwongozaji. CODA ilitajwa mara 3 na ikachukua zote 3, Filamu Bora ikiwemo.

Siri iko kwenye karatasi ya kura. Vipengele vingine vyote mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Filamu Bora peke yake, tangu orodha ilipopanuliwa kutoka filamu tano, mpiga kura anazipanga kuanzia anayoipenda zaidi hadi ya mwisho. Maelezo yake ukiyasoma yanachosha. Njia rahisi ni kuifanya mwenyewe. Sisi kundi letu la mtaa wa Sakina tunakaa jioni moja, kila mtu anapewa karatasi na kuzipanga filamu zote kumi. Karatasi zinawekwa mezani mafungu mafungu, kila moja kwenye fungu la filamu aliyoipa namba moja. Kisha fungu dogo kuliko yote linavunjwa. Karatasi zake hazitupwi: unaangalia namba mbili ni ipi, unaihamishia huko. Unavunja tena linalofuata, unahamisha, hivyo hivyo mpaka fungu moja livuke nusu ya karatasi zote.

Keti hapo mezani uangalie mikono inavyohama. Filamu yenye mashabiki moto inaanza na fungu nene, watu wanashangilia, kisha inakwama. Hakuna anayeiletea karatasi mpya, kwa sababu wasioipenda wameiweka ya nane au ya tisa. Pembeni kuna filamu ambayo karibu kila mtu kaiweka ya pili au ya tatu. Hiyo inanenepa taratibu, na fungu likija kuvuka nusu, wale wa kelele wanatazamana.

Kwa hiyo swali la Filamu Bora ni hili: ni ipi ambayo wengi wataiweka juu hata kama siyo chaguo lao la kwanza? Sinners ina wanyonya damu, ina shingo zinazochanwa, na wapo wapiga kura ambao filamu ya kutisha kwao haiwezi kupanda juu hata iwe nzuri vipi. Get Out ya Jordan Peele ilipendwa hivihivi mwaka 2018, ikaishia kupata tuzo ya mswada asilia. One Battle After Another ya Paul Thomas Anderson, iliyotajwa mara 13, sidhani kama ina maadui wengi. Tena Anderson ametajwa mara nyingi tangu miaka ya tisini na mpaka majina haya yanatoka hajawahi kupata Oscar hata moja, na wazee wa Academy wanalijua hilo. Mkeka wangu leo: Filamu Bora na Mwongozaji Bora, One Battle After Another.

Haikuwa rahisi kuandika hivyo. Hajawahi kutokea mwongozaji mweusi aliyepata Oscar ya uongozaji, tangu sherehe ya kwanza ya 1929 mpaka leo. Steve McQueen hakupata, Barry Jenkins hakupata, Spike Lee hakupata. Coogler akiitwa jina usiku ule nitapiga kelele hadi majirani waamke. Ila mkeka unaandikwa kwa kichwa, na moyo una orodha yake pembeni. Ziandike zote mbili, kila moja na karatasi yake, usizichanganye.

Coogler hatatoka mikono mitupu, lakini. Mswada wake ni asilia, wa Anderson umetokana na riwaya, kwa hiyo hawakutani kwenye kipengele kimoja. Hapo mwandikie Coogler kwa kalamu ya wino. Muziki wa filamu pia, Ludwig Göransson, ambaye tayari anazo mbili, ya Black Panther na ya Oppenheimer.

Sasa nije kwenye kipengele ninachokiombea kuliko vyote, upigaji picha. Autumn Durald Arkapaw ndiye aliyeipiga Sinners, kwa filamu pana ya milimita 65, kamera za IMAX zikiwemo. Kabla ya mwaka huu hakuna mwanamke aliyewahi kushinda kipengele hiki. Kama umeiona, unakumbuka pale kijana Sammie anapoanza kuimba usiku kwenye kilabu. Kamera inaingia katikati ya wachezaji na huoni inapokatwa. Ghafla kuna mpiga gitaa la umeme ambaye si wa zama zile, halafu mtu wa ngoma za Afrika Magharibi, halafu DJ na mashine zake, halafu wacheza wa Kichina, wote wanacheza wimbo mmoja na wale wakulima wa pamba wa mwaka 1932, na paa juu yao linawaka. Waliokufa na ambao hawajazaliwa wamekutana kwenye sakafu moja. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za ukoo haelezwi maana ya picha ile. Nimeliona tukio hilo kwenye skrini kubwa, kisha kwenye simu ya mtu. Kama unayo nafasi, usilione kwenye simu.

Na sisi wa Arusha kipengele hiki kinatugusa. Hatari!, ile ya John Wayne ya kukamata wanyama, ilipigwa huku kwetu, Momella ikiwemo, chini ya Mlima Meru. Iliwania Oscar ya upigaji picha wa rangi mwaka 1963, ikashindwa na Lawrence of Arabia. Kabla yake, mwaka 1960, filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilishinda Oscar ya filamu ya hali halisi. Mwanawe Michael, aliyekuwa akifanya naye kazi hiyo, alikufa kwa ajali ya ndege huko huko Serengeti mwaka 1959, na kaburi lao liko ukingoni mwa Ngorongoro. Madereva wetu wa utalii wanapita hapo kila siku. Anayesema Oscar haituhusu, muulize kama anajua hilo.

Turudi kwenye mkeka. Kwa waigizaji, usifunge kabla ya kuona BAFTA, tuzo za Uingereza. Mwaka 2019 Marekani nzima ilikuwa na Glenn Close, BAFTA ikampa Olivia Colman, Oscar ikamfuata Colman. Mwaka 2021 kila mtu alijua ni ya marehemu Chadwick Boseman, hata waandaaji wakakisogeza kipengele hicho kiwe cha mwisho kabisa usiku ule. BAFTA ilikuwa imemchagua Anthony Hopkins, na ndiye aliyetangazwa, wala hakuwepo ukumbini. Mwaka 2024 Lily Gladstone alikuwa na tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, Emma Stone akawa na BAFTA na akachukua Oscar. Mwaka 2025 hivyo hivyo, Demi Moore na Mikey Madison. Sababu inaeleweka: tangu 2016 Academy imealika wanachama wengi kutoka nje ya Marekani, na ladha ya wapiga kura imehama nao. Si sheria ya Mungu, maana 2023 BAFTA walimpa Cate Blanchett na Oscar ikaenda kwa Michelle Yeoh. Lakini pale BAFTA na chama cha waigizaji wanapotofautiana, kaa chini ufikiri mara mbili.

Mwigizaji wa kike mwaka huu sina mjadala, ni Jessie Buckley wa Hamnet. Wa kiume, kwa sasa nimemwandika Timothée Chalamet kwa penseli. Michael B. Jordan akichukua ya chama cha waigizaji, nafuta naandika Jordan, na nitafuta kwa furaha, maana kucheza mapacha wawili wa Sinners ambao unawatambua kabla hawajafungua mdomo si kazi ndogo. Msaidizi wa kiume pagumu: One Battle imeingiza wawili, Sean Penn na Benicio del Toro, na watagawana kura. Naona Stellan Skarsgård wa Sentimental Value anapita katikati yao. Moyo wangu uko kwa Delroy Lindo wa Sinners. Pale ndani ya gari anapomsimulia kijana habari za rafiki yake aliyenyongwa na wazungu, maneno yakamwishia, akaanza kuguna, na kuguna kule kukageuka kuwa wimbo. Mzee huyu hajawahi hata kutajwa kabla ya mwaka huu.

Vipengele vingine havihitaji kukuumiza kichwa. Katuni ni KPop Demon Hunters, na wimbo ni Golden wa humo humo. Kuna kipengele kipya, cha uteuzi wa waigizaji, kinachotolewa kwa mara ya kwanza. Hakina historia ya kuegemea, mimi nimeweka Sinners.

Kingine kipya ni kwamba kuanzia mwaka huu mwanachama haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele ambacho hajaziona filamu zake zote. Kwa maoni yangu hilo litazisaidia ndogo ambazo zamani zilikuwa zinarukwa, kama The Secret Agent ya Brazil. Nawe fanya hivyo hivyo. Usimjaze mtu ambaye kazi yake hujaiona.

Sherehe ni usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 16 Machi, saa nane kwa saa zetu. Filamu Bora huwa ya mwisho, kwa hiyo hesabu kuelekea saa kumi na moja na nusu. Mwaka huu imeangukia ndani ya Ramadhani, na wenzetu wanaofunga wataamka kula daku huku tuzo zikiendelea. Sisi tumekubaliana tukae nyumba moja, daku na chai ya tangawizi pamoja. Nunua Luku na bando Jumapili mchana. Anayeingia kazini asubuhi alale saa mbili usiku, aamke saa nane. Kulala saa sita ili uamke saa nane hakuna anayeweza.

Mkeka tunaukusanya Jumapili jioni, sio baada ya hapo. Filamu fupi, za uigizaji, katuni na hali halisi, zijaze mwisho kabisa, ukishaziona. Nyingine zinapatikana mtandaoni bure na hazifiki nusu saa, na hizo ndizo huwa zinaamua nani kati yetu anamnunulia mwenzake nyama choma.